Mzee wa Kanisa Lililozungukwa na Maji

Rumonge, Jumapili jioni

Kaka yangu Boaz,

Amahoro kwako na kwa wote wanaolala chini ya paa lako. Mgongo wa shemeji Généreuse unaendeleaje? Uliponiambia kwamba siku hizi hawezi kuinama kufua, nilimwombea, na nikajisemea ningekuwa karibu ningekuja kumsaidia. Watoto nao nawasalimu. Yule mdogo mwambie shangazi yake bado anaitunza ile picha aliyomchorea, ya mtumbwi wenye miguu kama kuku.

Mimi ni mzima wa mwili. Mvua zimepungua, ndagala zimeanza kushuka bei, na kazi ya kutembeza wageni inakwenda. Barua hii anakuletea Hadjara, yule muuza vitenge wa mtaa wa Waswahili, maana anavuka mpaka kuja Kigoma kuchukua mzigo. Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Nilijaribu simu, kaka. Kila ulipopokea nilikuuliza habari za watoto, nikacheka kidogo, nikakuaga. Karatasi haina sauti ya kunikatiza, wala haitaniuliza kitu kabla sijamaliza.

Uliniuliza kama miwani ya Baba ilimfikia. Ilimfikia, lakini si siku ile niliyokuambia.

Nianze na matembezi yenyewe. Ajensi ya Bujumbura inayonipa kazi ilinipigia kwamba kuna mgeni mmoja, peke yake, anataka kuzungushwa nusu siku: aone mji wa zamani wa Rumonge, apite Nyanza-Lac, kisha amalizie kwenye lile kanisa letu karibu na Kabonga, lililobaki kisiwani tangu ziwa lilipopanda. Wageni wanalipenda sana siku hizi. Ajensi wameliweka kwenye picha zao za matangazo, kuta nyeupe katikati ya maji ya buluu, na chini wameandika kwamba ni mahali pa utulivu. Hawajui, na mimi sikuwahi kuwaambia, kwamba ndani ya utulivu huo, kwenye kachumba ambamo padri alikuwa akivalia nguo za misa, analala baba yangu.

Wewe ulikuwa umeshahamia Kigoma maji yalipoichukua nyumba yetu, kwa hiyo hukuona. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda polepole, yakaingia jikoni, yakaingia chumbani, ukuta wa udongo ukalainika kama mkate kwenye chai. Waumini walijengewa kanisa jipya huko juu karibu na barabara, wakahama. Baba, katekista wao wa miaka yote, akabaki kwenye kanisa la zamani na godoro lake. Ndipo uliponipigia ukaniambia nimchukue akae kwangu Rumonge. Siku chache baadaye nikakujibu kwamba amekataa, kwamba amesema hataliacha kanisa lake. Ulikasirika. Ulisema baba anayependa kuta kuliko watoto wake basi akae na kuta zake. Tangu hapo hujampigia. Hata miwani uliituma kwangu bila neno moja la salamu kwake.

Mgeni wetu aliitwa Elda. Ametoka Kanada, lakini alizaliwa Nyanza-Lac. Wazazi wake walikimbia naye akiwa bado mgongoni, wakakaa kambini Tanzania, halafu wakapelekwa ng'ambo. Kiswahili kimempotea, Kirundi pia; anaongea Kifaransa, na anayo maneno machache tu ya utotoni: maji, lala, njoo, baba. Baba yake na mama yake wote wameshafariki. Katika mkoba alibeba picha yao ya harusi, wamesimama mlangoni pa kanisa lile lile. Alitaka kusimama pale waliposimama, na kama angepata bahati, kumkuta mtu mmoja tu aliyewafahamu.

Dereva wetu alikuwa Asmani, unamkumbuka, yule aliyempeleka Baba hospitali mwaka ule wa homa. Tulianza mtaa wa Waswahili. Nilimwonyesha Elda nyumba za wafanyabiashara wa zamani waliovuka kutoka Ujiji na kutoka upande wa Kongo, nikamweleza jinsi mawese na samaki vilivyojenga mji huu. Tulipofika kwenye kona ya msikiti, Asmani alisimamisha gari mbele ya mwanamke mmoja aliyekaa nyuma ya madumu yake ya mawese, mikono yote myekundu mpaka kwenye viwiko. Akasema kwa Kifaransa chake cha kuvunjika, bila kupunguza sauti, kwamba huyu ndiye mama yake mzazi, anaitwa Salima. Mama Salima akajifuta mikono kwenye kitenge, akamkumbatia Elda hivyo hivyo, akatutolea kahawa ya tangawizi. Elda aliondoka na alama ya mafuta begani, na alifurahi nayo kama amepewa nishani.

Mimi nilikunywa kahawa yangu nikiwa nimesimama. Ajensi wana sheria yao: mwongoza wageni asiwapeleke wageni kwa ndugu zake, kwa sababu zamani kuna waliogeuza matembezi kuwa kuombaomba. Nilimshangaa Asmani kwa ujasiri wake. Shika sheria hiyo akilini, kaka, maana baadaye nilijificha nyuma yake.

Nyanza-Lac hatukukaa sana. Elda aliomba tu apite kwa miguu sokoni, akiangalia nyuso za watu wazima, na mimi nilijua anatafuta pua ya baba yake. Kisha tukateremka hadi ufukweni Kabonga, mvuvi mmoja akatupakia sisi watatu kwenye mtumbwi wa injini.

Kanisa linatokea ghafla ukishapita matete. Baba alikuwa amesimama kwenye ngazi za mlango, ile ya chini imeshazama. Alikuwa amevaa lile koti la suti alilopewa na padri, mikono ya koti imechanika, na suruali ameikunja mpaka magotini. Miguu yake imevimba na kuwa myeupe kwa maji. Pembeni yake, juu ya jiwe la kubatizia, alikuwa ameanika samaki wake wadogo, ndagala, na harufu ilitufikia kabla ya sauti yake. Alikinga macho kwa kiganja. Hakuniona uso, Boaz, alinijua kwa jinsi nilivyokaa. Akapaza sauti: "Mutoto yangu! Mutoto yangu amefika!"

Elda aligeuka akaniuliza mzee anasema nini. Akaongeza kwamba neno hilo la mutoto anadhani analikumbuka, je, si mtoto?

Nilimjibu kwamba wazee wa huku huwaita wageni wote watoto wao.

Mtumbwi uliposogea, Baba alinyoosha mikono yote miwili. Ndipo nikasema, kwa sauti ile ninayotumia kazini: "Amahoro, mzee. Nimekuletea mgeni kutoka Kanada."

Mikono yake ilibaki hewani kidogo tu. Kisha ikashuka ikaishika kamba ya mtumbwi, kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikitafuta tangu mwanzo. Akaifunga kwenye nguzo, akainama, akasema: "Karibu, madamu. Karibuni wote." Hakuniangalia tena usoni. Hakuuliza. Alielewa pale pale na akaanza kunisaidia.

Nakuapia, hilo la kunisaidia ndilo linaloniamsha usingizini.

Alituzungusha ndani. Maji yanafika kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni, altare bado iko pakavu. Elda aliuliza maswali na mimi nikawa katikati, nikimpa Baba Kifaransa cha mgeni kwa Kiswahili na kumrudishia Elda Kiswahili cha Baba kwa Kifaransa. Aliuliza kwa nini mzee anakaa peke yake mahali kama hapa, je, ni imani? Nilimwuliza Baba. Akajibu: "Mwambie ninaikala hapa sababu nyumba yangu iko chini ya maji, na hapa iko mabati." Akaongeza neno jingine, ambalo nitakuandikia mbele kidogo, kwa sababu nikiliweka hapa hutaendelea kusoma. Mimi nilimwambia Elda kwamba mzee anasema anakaa kwa ajili ya upendo wa nyumba ya Mungu. Elda alitokwa na machozi kwa uzuri wa jibu ambalo hakuna aliyelitoa.

Akauliza kama ana watoto. Ilinibidi nigeuke, nimwangalie baba yangu, nimwulize: "Mgeni anauliza, mzee, una watoto?"

Alifikiri. Akasema anao wawili. Wa kiume yuko Kigoma, fundi wa injini, mwenye mkono mzuri. Wa kike ana kazi ya maana, ya watu waliosoma, hana nafasi. Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayemtetea mtu asiyekuwepo.

Elda akatoa ile picha ya harusi. Alitaka kujua kama mzee anawatambua maarusi. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu na pua, akatoka nayo mlangoni kwenye mwanga. Akatikisa kichwa. Alisema mtu wa nguo nyeupe anamwona, lakini sura hazioni, macho yamechoka. Elda alisubiri huku ameziba mdomo kwa vidole. Na miwani uliyomtumia, kaka, ilikuwa kwenye mkoba wangu, begani kwangu, ndani ya kifuko chake. Ningeitoa, ningelazimika kueleza imetoka wapi na kwa nini ninayo. Sikuitoa. Nilimwambia Elda pole, mzee haoni. Akairudisha picha kwenye bahasha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Kabla hatujaondoka aliniomba nimwulize mzee kitu kimoja. Kwa kuwa baba yake aliolewa na mama yake hapa — alichanganya maneno kwa machozi, nikamwelewa — na kwa kuwa hana tena mtu wa kumwita hivyo, je, mzee anaweza kumruhusu amwite Baba, mara moja tu, hapa mlangoni?

Nilitafsiri. Baba akajifuta mikono kwenye koti. Kisha: "Mwambie anaweza. Leo hakuna mwingine aliyeniita hivyo."

Nikamwambia Elda kwamba anaweza. Akamkumbatia, koti, ndagala na yote, akasema "Baba", akarudia tena. Akanipa simu yake niwapige picha, na baadaye akanitumia nakala. Aliponiita na mimi niingie kwenye picha, nilisema mwongoza wageni hapaswi kuonekana.

Tulipopanda mtumbwi, Baba aliifungua kamba, akashukuru: "Murakoze, madamu. Mungu awalinde kwenye njia." Alikuwa akiniambia mimi.

Asmani aliyasikia yote. Tulipomshusha Elda hotelini, alizima gari, akakaa ameshika usukani. Nikaanza kumweleza habari ya sheria ya ajensi kabla hajaniuliza. Alinisikiliza, akasema: "Mimi asubuhi nimemtaja mama yangu, na kazi bado iko." Kisha akasema hatamwambia mtu yeyote, niwe na amani. "Ila wewe, Eliana, usinitume tena kupeleka salamu kwa mama yangu." Akashuka akaniacha ndani ya gari.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa napakimbia tangu mstari wa kwanza. Kaka, si sheria. Ningeweza kusema kwa Elda, huyu ni baba yangu, na yule mwanamke angepiga magoti kwa furaha. Niliona miguu ya Baba. Nilisikia ile harufu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kazi lenye jina langu kifuani, na tangu asubuhi Elda alikuwa akinisifu kwa Kifaransa changu na kuniuliza nilisoma wapi. Sikutaka alama ya mafuta begani. Ndivyo ilivyokuwa, na sina neno la kuipamba.

Na lile neno ambalo Baba aliongeza ni hili: "Mwambie pia hakuna mutoto aliyeniambia njoo."

Ni kweli, Boaz. Baba hakukataa kuja kwangu. Sikumwuliza. Uliponituma, nilifika Kabonga, nikakaa naye kwenye ngazi, tukala ugali, nikawaza vyumba vyangu viwili, nikamwaza Aristide, yule bwana anayekuja kunitembelea kutoka Bujumbura na viatu vyake vinavyong'aa, nikamwaza Baba akisali rozari kwa sauti na kutema mate mlangoni, nikaaga. Barabarani nikatunga lile jibu la kwamba hataliacha kanisa. Lilikuwa jibu zuri, lilimfaa katekista, na wewe ulilisadiki. Hasira yako yote ya mwaka huu umempa mtu asiye na kosa. Aliyestahili kuipata ni mimi.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata. Asmani alinipeleka bila kutaka malipo. Nilimwita Baba nikiwa bado kwenye mtumbwi, kwa nguvu, wavuvi wakageuka. Alikuja, akanipa mkono kwa uangalifu, akachungulia nyuma yangu kuona nimekuja na nani. Nilimpa miwani, nikamwambia kwamba ni wewe uliyeituma. Aliivaa, akaangalia kuta, akaangalia mikono yake, kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu. Nilimwomba msamaha. Alisema kazi ni kazi, wageni wana mambo yao. Nikamwambia njoo ukae kwangu. Hakufurahi wala hakukasirika. Aliuliza jambo moja: "Nyumba yako iko na uwanja kwa nyuma?"

Nilidhani anataka mahali pa kuanika samaki. Nikasema ndiyo, upo.

Amekaa hapa karibu wiki mbili sasa. Anakula vizuri, miguu imeanza kukauka. Nilimwonyesha ile picha ya harusi, maana Elda alikuwa amenitumia pia kwenye simu. Kwa miwani yako aliitazama sana. Bwana harusi hakumkumbuka, lakini bibi harusi alimtambua mara moja: aliimba kwaya, sauti ya pili, na alikuwa na tabia ya kucheka katikati ya zaburi. Nilimwandikia Elda hayo, na nikamwandikia pia mzee ni nani na mimi nilifanya nini. Alijibu kwa mstari mmoja, akishukuru kwa habari za mama yake. Juu ya hayo mengine hakusema kitu. Ajensi nimewaambia mwenyewe. Bado hawajaamua, na wakiniachisha sitabishana.

Lakini kuhusu ule uwanja. Siku ya pili jirani alibisha hodi kuomba chumvi. Baba aliinuka, akachukua kiti chake kidogo, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakaa kando ya ukuta akisubiri mgeni aondoke. Nikamfuata nikamwambia Baba, si lazima. Akasema hapana, hapa kuna hewa. Jana alikuja Aristide. Nilimshika Baba mkono kabla hajainuka, nikasema kwa sauti, "Huyu ndiye baba yangu." Aristide alisimama akamsalimu kwa heshima, akampisha kwenye kiti kizuri. Baba alimshukuru, akamwita bwana, akauliza habari za safari. Halafu akasema anakwenda kuangalia moto. Moto haukuwepo, kaka. Tulikuwa tumeshakula. Nilipotoka nilimkuta amekaa gizani na koti lake, ameitoa miwani ameishika mkononi, ili isivunjike, alisema.

Sijui nifanye nini kumrudisha ndani, na sikuombi unifundishe. Nakuomba jambo moja tu. Yeye hajui kwamba ulimkasirikia. Nilipomwuliza kama anakuwaza, alisema simu za kutoka Kigoma ni ghali, na fundi ana watoto wa kulisha. Mpigie. Anza wewe, usimngoje, na mwite Baba, mara nyingi uwezavyo. Mimi unaweza kunikasirikia baadaye, kwa muda wowote utakaotaka.

Wasalimie wote hapo nyumbani, kuanzia shemeji hadi yule mchoraji wa mitumbwi. Baba naye anawasalimu. Yuko nje, lakini nilimwambia naandika Kigoma, akasema nikuandikie kwamba anaona vizuri sasa.

Ni mimi mdogo wako,

Eliana, binti Léonard